Nyumba Ikigeuka Shule: Kutwaa, Kukabidhi na Kuuza

Nimekuwa adimu wiki kadhaa, mnajua wenyewe mambo ya testi na asaimenti. Leo nataka tuongee historia, lakini si ile ya kukariri usiku ukaitapike kwenye mtihani asubuhi. Kuna mtu anataka kununua nyumba aliyojenga babu yetu pale Shinyanga mjini aifanye shule. Ukoo umegawanyika. Baba mdogo anasema tuuze. Shangazi anasema hauzi mtu hapa. Na kwa kuwa mimi ndiye nasomea historia, wamenigeukia: haya msomi, hayo madesa yako yanasemaje?

Nimekaa nayo hiyo nikaona jibu halitoshi kwenye meseji. Ukiangalia kanda yetu ile, kuanzia Shinyanga mpaka Kahama na Geita, utakuta nyumba na majengo yamebadilishwa matumizi mara nyingi sana. Na kila mara yamebadilishwa kwa njia moja kati ya tatu: yametwaliwa, yamekabidhiwa, au yameuzwa. Maneno matatu tu, ila tofauti yake ndo habari yote ya leo.

Tuanzie hapa hapa Mlimani. Wengi wetu tukishuka Utawala tunadhani chuo kilianzia hapa kilimani. Wapi. Kilianzia mjini, mtaa wa Lumumba, tarehe 25 Oktoba 1961, kwenye jengo la chama cha TANU. Uhuru wenyewe ulikuwa bado wiki sita. Kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kitivo kimoja cha sheria, na wanafunzi hawakufika hata 15. Yaani darasa zima lingeenea kwenye daladala moja na konda akaendelea kuita abiria. Huku kilimani tulihamia 1964. Kwa hiyo jengo kugeuka shule si jambo la ajabu wala la aibu, elimu ya juu ya nchi hii ilizaliwa hivyo. Lakini shika jambo moja: pale Lumumba zilizopisha ni ofisi. Hakuna bibi aliyeambiwa kunja godoro.

Sasa twende Shinyanga. Mji tunaoujua leo si ule wa mwanzo. Ule wa zamani ndo huo tunaouita Old Shinyanga, nje kidogo ya mji. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, iliyofika Mwanza mwaka 1928, ndiyo iliyouvuta mji ukaja huku kwenye stesheni. Old Shinyanga wakabaki watafiti wa mbung'o waliokuwa chini ya Swynnerton. Ona basi: mji mzima uliwahi kuhama nyumba kufuata mahali pesa inapopita.

Na pesa iliyopita pale reli ilipofika ilikuwa pamba. Pamba ikaleta maduka, maduka yakaleta Wahindi, na mji ukapangwa kama miji mingine yote ya mkoloni: Uzunguni kwenye viwanja vikubwa na miti, Uhindini kwenye maduka, na Waswahili kwao. Nyumba za Uhindini mnazijua hata kama hamjawahi kuzitaja: duka mbele barazani, nyuma yake vyumba vimepangwa mstari, halafu ua wa ndani wenye kisima au tangi. Baba anauza mbele, familia inaishi nyuma. Ukiichora kwenye karatasi ile ramani, vyumba vimepangwa mstari vinatazama ua, unaona kabisa kwa nini mtu mwenye ndoto ya shule akipita pale anasimama. Ina sura ya shule tayari.

Sasa neno la kwanza: kutwaa. Mwaka 1969 ilipita Sheria ya Elimu iliyoweka shule nyingi za madhehebu na za watu binafsi mikononi mwa serikali. Miaka miwili baadaye, Aprili 1971, ikaja Sheria ya Utwaaji wa Majengo. Hii ndiyo iliyotikisa Uhindini nchi nzima. Jengo lililopangishwa na lenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 lilichukuliwa na serikali, likawekwa chini ya Msajili wa Majengo. Wazee mpaka leo ukipita nao mtaani wanakuonyesha: "Ile ilikuwa nyumba ya Msajili." Mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lenyewe lilikuwepo tangu 1962.

Ndani ya sheria ile kuna kipengele kimoja ambacho kila nikikisoma nasimama. Fidia ilipungua kadiri jengo linavyozeeka, na jengo lenye umri wa zaidi ya miaka 10 halikulipwa kitu. Sifuri. Nia ilikuwa na mantiki yake: mwenye jengo la zamani ameshakula kodi za wapangaji miaka yote, gharama zake zilisharudi. Mwalimu na wenzake walikuwa wanapigana na unyonyaji wa makabaila, na wapangaji wengi walishangilia. Lakini angalia kilichosemwa chini chini: nyumba ya zamani haina thamani. Jasho la aliyejenga lina tarehe ya kuisha, kama dawa.

Wazo hilo halikufa na sheria ile. Dalali wa leo analo vile vile. Akija kwenye nyumba ya mwaka 1965 anakwambia, "Mzee, hapa nanunua kiwanja tu, huu mjengo sina kazi nao." Halafu akishanunua anapaka rangi, anachora Mickey Mouse ukutani, na ule mjengo usio na thamani ndo unaingiza ada kila muhula. Kaeni nalo hilo.

Neno la pili: kukabidhi. Hili linatupeleka kwenye dhahabu, maana migodi nayo hujenga nyumba, na mgodi una tabia moja: unakufa. Mgodi wa zamani wa Geita ulianza uzalishaji miaka ya 1930, ukawa mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, na mwaka 1966 ukafungwa. Geita ikakaa zaidi ya miaka 30 mpaka mgodi mkubwa wa sasa ulipofunguliwa mwaka 2000. Hapo katikati kizazi kizima kilizaliwa na kuoa kikisimuliwa tu habari za dhahabu. Upande wa almasi, Mwadui ilijengwa na Williamson, Mkanada aliyegundua almasi mwaka 1940, na ilikuwa mji kamili wenye nyumba, hospitali, shule na uwanja wa ndege. Lakini nyumba ya mgodi ni ya kazi. Kazi ikiisha, na nyumba imeisha. Ndiyo maana wafanyakazi wa Mwadui wenye akili, babu yetu akiwemo (alikuwa fundi mwashi), walikuwa wakipata hela kidogo wanapeleka tofali Shinyanga mjini. Nyumba tunayogombania leo ilijengwa na mtu aliyekuwa analala kwenye nyumba isiyo yake.

Migodi ya kizazi cha pili nayo imeanza kufa, na hapa ndo kuna jambo zuri. Golden Pride pale Nzega, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Shinyanga upande wa Tabora, ndiyo iliyotangulia katika migodi mikubwa ya kisasa ya dhahabu nchini. Ilianza kutoa dhahabu mwishoni mwa 1998 chini ya kampuni ya Resolute ya Australia. Ilipofungwa, eneo na majengo yake yalikabidhiwa serikalini yakaelekezwa kwenye mafunzo, chini ya Chuo cha Madini cha Dodoma. Buzwagi pale Kahama ilifunguliwa 2009 na kufikia mwisho wake 2021. Serikali ikalitenga eneo kuwa la uchumi maalumu, na mwaka 2024 Barrick wakafungua hapo chuo cha kufundisha wasimamizi wao, Barrick Academy. Walipokuwa wanalala wachimbaji na mainjinia, sasa kuna watu na madaftari.

Makabidhiano ya namna hii ni rahisi kwa sababu moja: kampuni haina bibi. Mgodi ukifungwa wafanyakazi wanapanda basi, funguo zinabaki mezani, mkataba unasainiwa, picha zinapigwa. Majengo yanapata maisha ya pili na hakuna ukoo unaokaa kikao. Ninapowasikia watu wanasema "mbona Buzwagi imegeuzwa chuo vizuri tu", najibu ndiyo, ila msichukue mfano wa kambi mkaupeleka kwenye nyumba ya familia.

Neno la tatu basi: kuuza. Kwa nini mtu anahangaika kununua nyumba kuukuu afanye shule, badala ya kwenda pembeni ya mji ajenge mpya? Tarehe ya kukumbuka ni 1995, Sera ya Elimu na Mafunzo. Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa wazi kwa watu binafsi kuanzisha shule za awali na za msingi. Mwaka 2002 serikali ikafuta ada shule za msingi, watoto wakamiminika, madarasa yakafurika, na mzazi mwenye uwezo kidogo akaanza kutafuta pa kumkimbizia mwanawe. Zikaja shule za mchepuo wa Kiingereza, inglishi midiamu kama tunavyoziita. Na kanda yetu ilikuwa na wazazi wa namna hiyo: mfanyabiashara wa mchele wa Kahama, mwenye duara la dhahabu, fundi wa mgodini, mwenye ng'ombe aliyeuza 20 mnadani. Pamba ilijenga nyumba, dhahabu inalipa ada.

Mtu huyo mwenye ndoto ya shule anapiga hesabu. Nyumba ya zamani iko katikati ya mji, mzazi anamshusha mtoto akienda kazini. Kiwanja ni kikubwa, maana zamani viwanja vilipimwa kwa ukarimu. Maji yapo, umeme upo, ukuta upo, mwembe wa kivuli upo. Anaweza kufungua Januari. Ukilinganisha na kuanza msingi kule pembeni, kusubiri nguzo ya umeme na barabara, hata mimi ningesimama pale getini.

Sasa tuje kwenye vipimo, maana hapa ndo watu wengi hawafiki. Viwango vya serikali kwa shule ya msingi ni wanafunzi wasiozidi 45 kwa darasa, na kwa awali 25. Tundu moja la choo kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Chukua sasa chumba cha kulala cha babu, futi 10 kwa 10. Hicho hata awali 25 wakikaa hapumui mtu. Kwa hiyo mnunuzi makini lazima avunje kuta za katikati, aunganishe vyumba viwili vitatu, na auchimbe ua ajenge vyoo. Kwa nyumba ya tofali za udongo zilizobeba kenchi yote, ukishavunja ukuta wa kati umeshaijenga upya. Maana yake nini? Maana yake hakuna kurudi. Mpangaji akiondoka nyumba inabaki nyumba. Shule ikifa, na shule binafsi zinakufa kweli kweli wazazi wakiishiwa, kinachobaki si nyumba tena.

Halafu kuna karatasi. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Wewe unachouza ni haki ya kumiliki kwa miaka iliyoandikwa kwenye hati, pamoja na ulichojenga juu yake. Na hati hiyo ina mstari unaosema matumizi: makazi. Ukitaka pawe shule unaomba kubadilisha matumizi, halmashauri inaangalia mpango wa mji, majirani nao wana lao la kusema kuhusu kengele saa moja asubuhi. Wapo watu wamelipana hela yote kwanza, wakaja kuomba kibali baadaye, kibali kikagoma. Muuzaji kashakula hela, mnunuzi ana nyumba asiyoweza kuisajili kama shule, na urafiki umeishia baraza la ardhi.

Karatasi nyingine ni ya mirathi. Babu amefariki, nyumba iko kwa jina lake. Hakuna mtoto, hata awe mkubwa namna gani, mwenye haki ya kuuza mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Na hapa Shinyanga ina historia yake ambayo tunaisoma hata nje ya nchi. Wajane wawili wa Kisukuma waliondolewa kwenye nyumba zao baada ya waume kufa, kwa nguvu ya sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963, ambazo humwacha mjane bila fungu, eti watoto ndo watamtunza. Wakaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ikakubali kwamba sheria hizo zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Kesi ikapanda mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema nchi yetu ilivunja haki zao. Wajane wawili, nyumba mbili, miaka karibu 10. Hiyo ndo bei ya swali ambalo kwenye vikao vya ukoo linachukua dakika tano.

Bibi yetu yupo hai. Anaishi humo humo, vyumba viwili vya nyuma, na shangazi anayemtunza. Vyumba vingine wana wapangaji, kodi yao ndo sukari na dawa za presha. Baba mdogo si mtu mbaya, wadau, nataka hilo lieleweke. Anasema bati limeoza, mvua ya mwaka jana iliangusha jiko, na wajukuu tuko saba tunaosoma. Anasema nyumba itatuangukia tukiiangalia, na heri ianguke ikiwa shule. Ana hoja. Shangazi naye haongei mengi, anauliza swali moja tu: "Mama atalala wapi?" Na mpaka leo hakuna aliyejibu kwa kutaja mtaa.

Kwa hiyo msomi nimesema nini? Nimesema historia haipingi nyumba kuwa shule. Lumumba ilikuwa sawa, Nzega ni sawa, Buzwagi ni sawa. Nimesema pia tusikubali ile hesabu ya 1971 kwamba jengo la zamani halina thamani. Anayetaka vyumba vyetu kwa sababu viko tayari, avilipie kwamba viko tayari. Na nimependekeza mpangilio. Kwanza mirathi ifunguliwe na msimamizi apatikane, jina la bibi likiwa la kwanza kwenye orodha. Pili, kabla nyumba haijauzwa, inunuliwe nyingine ndogo, Ndembezi au Kitangili au popote atakapochagua mwenyewe, kwa jina lake, si la mwanawe yeyote. Tatu, mnunuzi aombe kibali cha kubadilisha matumizi mapema, na malipo ya mwisho yasubiri kibali kitoke. Nne, kama ana haraka na hataki hayo, basi apangishwe kwa miaka kadhaa, na asivunje ukuta hata mmoja. Najua mwenye shule hapendi kuweka hela nyingi kwenye jengo la kupanga, kwa hiyo atatoa bei ndogo. Ni sawa. Tofauti ya bei hiyo ndo thamani ya kubaki na nyumba, na sasa angalau tumeiona kwa namba.

Kinachonisumbua kama mwanafunzi wa historia ni kumbukumbu zenyewe. Ukisoma habari za 1971 utakuta majengo, thamani zake na wamiliki. Za migodi utakuta wakia za dhahabu na tarehe za kufunga. Mtu aliyekuwa analala chumba cha nyuma siku ile funguo zinabadilisha mikono, huyo huandikwa akienda mahakamani tu. Tunaoandika sasa tunaweza kumwandika kabla hajafika huko.

Kwa walioko Kahama, Geita, Nzega, Maswa na kwingineko: pale kwenu kuna shule iliyokuwa nyumba ya nani? Waulizeni wazee kabla ya likizo kuisha, na muulize hasa waliokuwa wanaishi humo walihamia wapi. Mkipata majibu nileteeni, tuyaandike kwa mitaa na miaka yake.